Anayevua Viatu Kabla ya Kila Korongo

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya pili ya Februari 1999, Mwantum anaanika mtama kwenye mkeka uani kwake, pembezoni mwa mji wa Kondoa, anapomwona mwanamke asiyemjua akisukuma pikipiki kupanda kilima. Mwanamke huyo amevaa gauni jeupe la uuguzi. Kila baada ya hatua chache anasimama, anahema, anajifuta uso kwa mkono wa gauni, kisha anasukuma tena. Kiti cha pikipiki bado kimefunikwa nailoni ya kiwandani.

"Hodi wenyewe. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Imezimika?"

"Haijazimika. Sijui kuiendesha."

Mwantum anaangua kicheko, anaweka ungo chini na kuita kuelekea nyuma ya nyumba: "Baba Nasra! Njoo uone pikipiki inayokuja kwa miguu!"

Mume wake, Mbwana Bura, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, anatokea akijifuta grisi kwa kitambaa. Hamtazami mgeni usoni. Anatazama tairi, anatazama mnyororo, halafu macho yake yanatua kwenye miguu ya mgeni, iliyovaa kandambili.

"Kwa kandambili hizo," anasema, "labda nikufundishe kupika."

"Kupika najua, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa kwanza unywe uji."

Mgeni anaitwa Yasinta Matonya. Ni muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja kilicho kilomita kumi na moja nje ya Haneti, na alfajiri hiyo ameteremshwa na lori stendi ya Kondoa, yeye na pikipiki yake. Dereva wa lori ndiye aliyemwelekeza: huyo Mbwana Bura unayemtafuta akufundishe, hapa mjini muulizie Mzee Vuaviatu.

Kabla ya kugusa kikombe cha uji anatoa bahasha mkobani. Barua imeandikwa Dodoma na mratibu wa mradi wa afya ya mama na mtoto, Bwana Respicius. Mbwana anaisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha anampa mkewe. Mwantum anasoma taratibu, midomo ikicheza, na akimaliza anakaa chini pale pale ukingoni mwa mkeka wa mtama.

Barua inasema mambo mawili. La kwanza, wageni waliotoa pikipiki watakuwa Haneti Ijumaa saa nne kamili asubuhi, na muuguzi atakayefika mbele yao akiendesha mwenyewe ndiye atakayekabidhiwa. Asiyeweza, pikipiki yake itapelekwa zahanati nyingine. La pili linamhusu Mbwana. Muuguzi huyu akifanikiwa, mradi utamwajiri yeye kuwafundisha watumishi wengine kumi na wanane wanaosubiri pikipiki mkoani.

"Watakurudisha kazini," Mwantum anasema kwa sauti ndogo.

Mbwana anaikunja barua, anaitia mfukoni mwa shati, na kwa muda anasimama kiganja chake kikiwa juu ya mfuko huo.

Ili kuelewa barua ile ilimaanisha nini kwake, ni lazima kurudi mwaka 1983. Mwaka huo Mbwana alikabidhiwa Honda nyekundu na kasha la baridi la kubebea chanjo. Kazi yake ilikuwa kutoka Kondoa mjini kila wiki na kuzifikia zahanati ishirini na tatu, Kolo, Pahi, Haubi, hadi Bereko, kabla barafu haijayeyuka.

Siku hizo vijiji vingi havikuwa na pikipiki hata moja. Mlio wa Honda ile ulitangulia kilomita mbili mbele ya mwenyewe. Akina mama waliusikia wakiwa shambani, wakatupa majembe na kukimbilia nyumbani kuchukua kadi za kliniki. Watoto nao walikimbia, upande wa pili.

"Walikuwa wanapiga kelele, 'Sindano! Sindano!' halafu wanatawanyika kama vifaranga," Mbwana anakumbuka huku akicheka mpaka macho yanalowa. "Pahi kulikuwa na mmoja, Mudrick, alijificha ndani ya kihenge cha mahindi. Mama yake akawa anamtafuta hadi jioni. Leo ana duka kubwa hapa mjini. Nikipita namuuliza, 'Mudrick, umechanja?' Anakimbilia ndani ya duka."

Hakulala njaa hata siku moja, anasema. Haubi walimpa asali, Kolo karanga, Bereko maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Petroli ilikuwa ya kibali, sabuni ilikuwa ya foleni, na maduka yalikuwa na rafu tupu, lakini hakuna aliyemwacha mtu wa sindano aondoke mikono mitupu.

"Nilikuwa maskini, lakini nilijulikana," anasema. "Ukijulikana namna ile, umaskini unausahau."

Kisha mambo yakabadilika. Biashara ikafunguliwa, rafu zikajaa. Mradi uliokuwa ukimlipa ulifika mwisho, na mwaka 1995 jina lake lilikuwa miongoni mwa majina kumi na moja yaliyobandikwa ubaoni. Alipokea kiinua mgongo kilichotosha kuezeka nyumba kwa bati na kununua vifaa vya ufundi. Honda nyekundu ilipigwa mnada. Mbwana hakwenda kuiona ikiuzwa.

Sasa pikipiki zimejaa. Zinakuja zilizotumika kutoka nje, zinakuja mpya, wafanyabiashara wa alizeti na dengu wananunua, vijana wananunua kabla hawajajua breki iko upande gani. Hakuna mtoto anayekimbia tena akisikia mlio. Na kila msimu wa mvua, Mbwana anapokea uani kwake vyuma vilivyopinda, akiuliza kwanza swali lile lile: "Mwenyewe yuko wapi?" Mara nyingine jibu ni hospitali. Mara nyingine anayeleta chuma anainamisha kichwa tu.

Ndipo akaanza kufundisha. Anatoza shilingi elfu nane kwa siku kumi na nne, na wengi humlipa nusu wakapotelea mbali. Siku kumi na nne ni zake, hazipunguzwi.

"Wewe umekuja na siku nne," anamwambia Yasinta.

"Najua, mzee."

"Siku nne ni za kujifunza baiskeli."

"Baiskeli najua. Ndiyo ninayoendea vijijini. Vijiji vinne, cha mbali kilomita kumi na saba, kasha la chanjo nimelifunga nyuma kwa mpira. Kukiwa na mchanga naisukuma. Nikifika barafu imekuwa maji na akina mama wameshaondoka."

Mbwana anamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Barafu imekuwa maji," anarudia.

"Ndiyo, baba."

"Mama Nasra," anamwita mkewe, "mtafutie huyu viatu."

*

Siku ya kwanza injini haiwashwi kabisa. Yasinta anaisukuma pikipiki kuzunguka uwanja ulio chini ya nyumba, kulia, kushoto, akiiinamisha na kuiinua, mpaka auzoee uzito wake. Anavaa viatu vya ngozi vya Nasra, binti wa nyumba hiyo aliyeolewa Babati. Ndani ya gauni amevaa suruali pana ya kitenge ambayo Mwantum ameishona asubuhi hiyo hiyo kwa cherehani ya mkono.

"Kanga ikiingia kwenye mnyororo inageuka kitanzi," Mwantum anamwambia akimpima kiuno. "Suruali haina dhambi. Dhambi ni kuacha wagonjwa."

Siku ya pili ni ya breki, na breki kwa Mbwana hufundishwa kwa mtama. Mkeka uliojaa mtama wa Mwantum unawekwa mwisho wa uwanja. Mwanafunzi anakuja na pikipiki, anatakiwa asimame tairi likiwa shubiri moja kabla ya mkeka, kwa breki zote mbili, ya mkono na ya mguu, bila kuteleza. Atakayeukanyaga mtama ataupepeta wote upya.

Yasinta anaupepeta mara tatu.

"Ninyi wa Dodoma mnasifika kwa mtama," Mwantum anamchokoza. "Kumbe mnaukanyaga."

"Mama, huu wa Kondoa unasogea!"

Mara ya nne tairi linasimama, na punje moja tu inaruka ukingoni. Mbwana anainama, anaiokota, anairudisha mkekani. Mwantum, aliyeishi naye miaka thelathini, anasema hapo ndipo alipojua mumewe ameshamkubali.

Helmeti ni sheria isiyojadiliwa. Mikanda ifungwe hata kama unakwenda kisimani. Mbwana ana helmeti mbili za kuvaa na moja ambayo haivaliwi. Ile ya tatu ina ufa kutoka paji hadi kisogoni, na iko kwenye banda la kuku. Kuku mwekundu ameshatotoa ndani yake mara tatu.

"Helmeti iliyopigwa mara moja haivaliwi tena," anamweleza Yasinta. "Imeshafanya kazi yake. Hiyo ilifanya kazi Machi, themanini na tisa."

Ni hadithi ambayo kila mwanafunzi wake huisikia siku ya tatu, kabla ya kupelekwa korongoni.

Siku hiyo alikuwa amechelewa Kolo na barafu ilikuwa imebaki kidogo. Akafika kwenye korongo la mchanga analolijua kama kiganja chake. Halikuwa na maji. Katikati yake kulikuwa na alama za matairi ya lori lililovuka asubuhi. Akasema moyoni, kama lori limepita, mimi ni nani. Akazifuata.

Kosa hilo, anasema, ndilo linalowaua watu wa huku. Mvua inanyesha milimani, wewe uko bondeni na jua linakuchoma. Maji yanashuka chini ya mchanga bila kuonekana. Alama za lori zinabaki pale pale juu, nzuri kabisa, lakini mchanga uliolibeba lori asubuhi, mchana umekuwa uji.

Tairi la mbele lilizama. Mbwana akaruka juu ya usukani, kichwa kikagonga jiwe, mtulinga ukavunjika. Alilala mchangani na chupa za chanjo zimetapakaa, mpaka walipofika wanawake waliokuwa wakija kuchimba maji ya kunywa korongoni humo. Walimbeba kwa kanga hadi kivulini.

"Mmoja wao alikuwa mama mzee, anaitwa Mishi. Akaniuliza, 'Mwanangu, hukukanyaga kwanza?' Nikamuuliza, nikanyage nini? Akashangaa. Akasema wao kila siku, kabla ya kuchimba, wanavua ndala na kutembea. Mguu mtupu unasikia. Mchanga mzima unanyamaza, mchanga mbovu unatikisika chini ya kisigino. Tangu watoto wanajua. Mimi nilikuwa na pikipiki ya serikali, na sikujua."

Alipopona, alirudi kazini na desturi mpya. Kila korongo, liwe na alama au lisiwe nazo, kiangazi au masika, alizima injini, akavua viatu, akatembea hadi ng'ambo na kurudi. Kisha akavaa viatu, akavuka. Miaka sita iliyobaki hakuanguka tena. Wenzake walimcheka, wakambandika jina la Vuaviatu, na jina hilo likamfuata hadi leo.

*

Jumatano jioni Yasinta anavuka korongo la nyuma ya mji mara saba. Kila mara anavua viatu kwanza. Mara ya saba anakaa kwenye jiwe akikung'uta mchanga katikati ya vidole, na anauliza swali ambalo limekuwa likimsumbua.

"Mzee, nikuulize. Ijumaa, nikiwa nimechelewa je? Nikiwa na dakika kumi tu, na korongo liko mbele yangu?"

"Utavua viatu."

"Na pikipiki wakininyang'anya?"

Mbwana anakaa kwenye jiwe la pili. Barua bado imo mfukoni mwa shati lake, imeanza kulegea kwa jasho. Usiku uliopita yeye na Mwantum waliongea juu ya kazi ile hadi taa ya kibatari ikazimika yenyewe. Mwantum aliuliza kama watampa tena pikipiki. Mbwana alisema labda. Akasema pia kwamba angependa, hata mara moja tu, kupita Pahi na Haubi tena kabla magoti hayajakataa.

"Utavua viatu," anarudia. "Ahadi hiyo nataka unipe."

"Nakupa, baba."

"Na mimi nakupa yangu. Ukichelewa kwa sababu hiyo, wewe nyamaza. Usijitetee. Nitajibu mimi, na lawama zote nitazibeba mimi. Sawa?"

"Sawa."

Alhamisi mchana wanapakia pikipiki kwenye lori la dengu na kushuka nayo hadi kijijini kwa Yasinta. Mwantum amewafungia viazi vya kuchemsha, na amemwonya mumewe mbele ya utingo wa lori: "Kesho unakaa nyuma ya binti wa watu. Ukipiga kelele njiani, nitasikia huku."

*

Ijumaa mpango ulikuwa kuondoka saa mbili. Lakini saa kumi na mbili asubuhi mama mmoja analetwa zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto hana habari na wageni kutoka Dodoma. Anazaliwa saa tatu kasoro dakika tano, wa kike, analia kwa nguvu. Yasinta anahakikisha damu imesimama, anamkabidhi mzazi kwa mhudumu mwenzake, ananawa, anavaa suruali ya kitenge na helmeti. Ni saa tatu na dakika ishirini.

"Zimebaki dakika arobaini," anasema.

"Kilomita kumi na moja. Zinatosha," Mbwana anajibu, akifunga mkanda wa helmeti yake. Anapanda nyuma. Katika maisha yake yote ya pikipiki hajawahi kukaa kiti cha nyuma, na hajui aweke wapi mikono. Mwishowe anashika chuma cha kubebea mizigo.

Yasinta anaendesha vizuri. Haparamii mashimo, hapigi breki kwenye kokoto, anapunguza mwendo penye mbuzi kabla mbuzi hawajaamua. Mbwana, nyuma yake, anautazama uwanda ukipita, vichaka vya miiba, mashamba ya mtama yaliyofika kiunoni, anga safi la buluu. Kwa dakika chache, anasema, alisahau kabisa yuko mwaka gani.

Saa tatu na dakika arobaini na mbili wanafika kwenye korongo. Ni pana, kama hatua mia mbili. Halina maji hata tone. Katikati yake kuna alama za lori.

Yasinta anazima injini. Kabla hajateremka, wanasikia pikipiki mbili nyuma yao. Ni Fredy, tabibu wa zahanati ya kijiji cha jirani, na mwenzake, nao wanawahi makabidhiano hayo hayo. Fredy alifundishwa na shemeji yake kwa siku moja.

"Nesi Yasinta! Vipi, imegoma?"

"Haijagoma. Nakagua mchanga."

Fredy anamwona akifungua kamba za viatu. "Haa! Mmefika msikitini? Ongoza basi, sheikh," anamwambia Mbwana, na mwenzake anacheka hadi helmeti inamteleza. "Twendeni, lori limepita hapa sasa hivi!"

Wanavuka. Wanafuata alama za lori, kwa kasi, moja kwa moja, mchanga unaruka nyuma yao, na kwa muda usiofika dakika moja wako ng'ambo. Fredy anapunga mkono bila kugeuka.

Yasinta amebaki na kiatu kimoja mkononi. Anamtazama Mbwana.

Mbwana anasimulia kwamba pale ndipo ilipomwia vigumu kuliko pengine popote. Aliona kwa macho yake kwamba mchanga umebeba pikipiki mbili. Barua iko mfukoni. Angesema "panda tuondoke" na hakuna ambaye angemlaumu, hata yule mama Mishi.

"Lakini alikuwa ameshavua kimoja," anasema. "Ningemwambia avae, ningekuwa nimemfundisha kitu kingine."

"Vua na cha pili," anamwambia.

Yasinta anatembea. Hatua mia mbili kwenda, taratibu, kisigino kikikanyaga kwa uzito. Hatua mia mbili kurudi. Mbwana anakagua upande wa juu, naye miguu mitupu, akitazama milimani. Hakuna wingu. Mchanga hautikisiki popote. Ni mgumu kama sakafu ya saruji, kutoka ukingo hadi ukingo.

Anavaa viatu, anafunga kamba kwa mafundo mawili kama alivyofundishwa, anawasha, anavuka. Saa inasema saa nne na dakika tano.

*

Haneti, wageni wameshaingia ndani ya gari. Milango iko wazi kwa sababu ya joto. Fredy na mwenzake wamesimama kivulini karatasi zao mkononi, na ni wazi kwamba kisa cha viatu kimeshasimuliwa, kwa sababu watu wanaitazama miguu ya Yasinta kabla ya kumtazama usoni. Ni saa nne na dakika kumi na tano.

Bwana Respicius anakuja na daftari kwapani. Si mtu mbaya. Ana vituo vingine vitatu vya kufika siku hiyo, na shati lake limelowa mgongoni.

"Nesi, tulisema saa nne. Wenzako wametoka huko huko, njia hiyo hiyo. Wao walivukaje?"

Yasinta anafungua mdomo, anakumbuka, anaufunga.

"Mtu anayeshindwa kuvuka korongo kavu," Bwana Respicius anaendelea, "siku mgonjwa yuko taabani itakuwaje? Hii pikipiki naona niipeleke kwingine."

"Bwana mratibu," Mbwana anasema, "hakushindwa. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Wewe ndiye Mzee Bura?"

"Ndiye. Alikuwa na haraka, mimi nikamwambia avue viatu atembee. Kosa kama lipo ni langu. Yeye kuendesha anajua. Mwambie aendeshe hapa mbele ya wageni, ndipo uamue."

Yasinta anaendesha. Anauzunguka uwanja, anapita katikati ya miti miwili iliyokaribiana, anakuja kwa kasi kuelekea gari la wageni na kusimama shubiri moja kabla ya bampa, bila vumbi. Mama mmoja wa makamo ndani ya gari anapiga makofi peke yake, kisha wengine wanamfuata. Daftari linafunguliwa. Yasinta anaweka sahihi.

Bwana Respicius anamvuta Mbwana pembeni.

"Mzee, amefundishwa vizuri. Sikatai. Mchanga wenyewe ulikuwaje?"

"Mgumu."

"Wote?"

"Wote, kama sakafu."

"Unaona sasa. Mimi nina watu kumi na wanane, nataka kila kundi siku tatu, na nataka wafike vituoni kwa wakati. Kazi ni yako, nilishaandika. Niambie tu kwamba hilo la viatu ni la huyu peke yake, hao wengine hutawachelewesha nalo."

Mbwana anaangalia chini. Anasema alihesabu kichwani. Makorongo kati ya Kondoa na Bereko, mara kila wiki, mara miaka sita.

"Nimevua viatu zaidi ya mara elfu mbili," anajibu, "na karibu zote nimekuta mchanga mgumu. Siku moja, kabla sijajua kuvua, nilipita tu, nikaokotwa na akina mama. Siwezi kumfundisha mtu pikipiki halafu nimfiche hilo. Niombee radhi kwa wageni."

"Basi mzee wangu," Bwana Respicius anasema, na anaonekana kuumia kidogo, "nitatafuta mtu mwingine."

Wanaagana kwa mikono miwili. Gari linaondoka.

Yasinta anataka kulia, Mbwana hampi nafasi. Anamkumbusha kwamba kuna mzazi zahanati anamsubiri, na kwamba jua likipita utosini mchanga hubadilika, kwa hiyo akifika korongoni avue viatu aukanyage upya. Kisha anakaa kando ya barabara kusubiri lori la kupanda Kondoa. Akiulizwa sasa atafanya nini, anasema ana mpango. Anataka kukodisha ule uwanja ulio chini ya nyumba, auzungushie miti ya minyaa, na wafundishwe hapo wanawake kwanza: wauguzi, walimu, mabibi maendeleo.

"Hao kumi na wanane watapata mwalimu wao," anasema. "Lakini watapita Kondoa. Nitawaambia wakipita, hata kama ni dirishani mwa basi."

Anafika nyumbani magharibi. Mwantum ameshakunja mkeka na anasonga ugali jikoni. Anamsikia akivua viatu mlangoni, hageuki.

"Umepata?"

"Sikupata."

Mwiko unasimama sufuriani, kisha unaendelea.

"Na yeye?"

"Kapata."

"Nawa mikono, basi," anasema Mwantum, "ule ungali wa moto."